Kuomba Ubovu

Kwa mara ya kwanza tangu ashike bisibisi, fundi aliinama juu ya injini huku akiomba akute ubovu. Siku nyingine zote huomba kinyume chake: kazi iwe nyepesi, mteja aondoke mapema, anawe mikono kabla chai haijapoa. Leo aligusisha ncha nyekundu ya mita kwenye chanya ya betri, ncha nyeusi kwenye hasi, akakitumbulia macho kile kioo kidogo. Kumi na mbili nukta sita. Betri nzima, tena nzima ya kukera. Akawasha injini, akarudi kupima: kumi na nne nukta mbili. Alteneta nayo inachaji vizuri. Akawasha taa za mbele, nazo zikaangaza ukuta wa gereji bila wasiwasi wowote. Akabaki amesimama, mita mkononi, moyo umemshuka.

Watu wa mtaa ule walimwita Cheche, na jina lilimkaa. Alikuwa fundi umeme wa magari, mwanamke pekee katika safu ile ya gereji nyuma ya wachomeleaji, na wale waliokuja mara ya kwanza wakiulizia "fundi mwenyewe yuko wapi" walikuwa wakirudi mara ya pili wakiulizia Cheche. Magari yaliyoshindikana kwingine yalikokotwa hadi kwake. Kumbe gari lililokuwa limemnyima usingizi siku tatu hizi halikuja kwa kukokotwa. Lilikuwa pikapu ya baba yake, yenye umri sawa na yeye, na alikuwa amelileta mwenyewe.

Jambo lenyewe lilitokea Jumatano jioni, mvua ikinyesha. Baba alikuwa akitoka kupeleka miche ya miti kwenye shule moja, pembeni yake ameketi mjukuu wake wa miaka tisa, binti wa kaka yake Cheche. Kwenye kona ya kinu cha unga, baba hakukata kona. Alikwenda moja kwa moja akaugonga ukuta. Mwendo ulikuwa mdogo, bampa likajikunja, basi. Lakini mtoto alijigonga kwenye dashibodi, mdomo ukapasuka, akashonwa nyuzi mbili.

"Taa zilikufa," baba alisema usiku ule, nguo zikimdondoka maji. "Zilififia mpaka sikuona mbele, kisha zikarudi."

Kaka mtu, ambaye ni mwalimu wa hesabu na hupenda kila jambo liwe na jawabu moja, alimjibu kwamba taa hazifi zenyewe na kufufuka zenyewe. Kinachofifia ni macho ya mwenye umri wa miaka sabini. Hapohapo akachukua ufunguo wa pikapu, akamkabidhi dada yake. "Wewe ndiye fundi. Ipime. Ukikuta kasoro, nitamwomba baba radhi. Usipokuta, haendeshi tena, na pikapu tunaitafutia mtu." Kikao cha familia kikapangwa Jumamosi saa nane mchana.

Mtu anaweza kusema, si pikapu tu? Aseme aliye mbali. Tangu mama yao afariki, pikapu ile ndiyo iliyokuwa ikimtoa baba kitandani. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa bustanini akimwagilia miche, saa moja ameipanga nyuma ya gari, saa mbili yuko barabarani akielekea shule hii, kanisa lile, msikiti ule, ua wa mtu aliyetaka kivuli. Watu walimwita Mzee wa Miche, naye alijua kila mti alioupeleka na umefika kimo gani. Mnyang'anye pikapu, umemkalisha kibarazani ashike tama hadi siku yake ifike. Kaka mtu alilijua hilo. Cheche alilijua zaidi.

Simu ikalia saa nne asubuhi ya Jumamosi hiyo, na hakuhitaji kutazama ni nani.

"Umepima?"

"Nimepima."

"Enhe?"

"Volti ziko sawa," alisema Cheche. "Betri, alteneta, taa. Sijaona kitu."

Alitegemea kusikia sauti ya mtu aliyeshinda. Haikuwa hivyo. Kaka yake alisema polepole, "Sikutaka iwe hivyo, dada. Unajua sikutaka. Lakini mimi ndiye niliyemshika mwanangu miguu akishonwa mdomo."

"Najua, kaka."

"Nani atamwambia? Wewe au mimi?"

"Yuko njiani anakuja," alisema Cheche. "Nitamwambia mimi."

Baba alifika kwa miguu, amevaa shati la kwendea mjini, limefungwa vifungo hadi shingoni. Cheche alifuta mikono kwenye tambara, akamwamkia, naye akaitikia marahaba kwa sauti ya chini isiyo yake. Hakuitazama pikapu. Alivuta kreti tupu la soda, akalipindua, akaketi na kuweka mikono magotini, mithili ya mgonjwa anayengoja kuitwa jina.

"Sema tu, mama," alisema. Alimwita mama alipompenda sana au alipoogopa. "Nimemzika mama yenu. Habari ya pikapu haitaniangusha."

Cheche alijikaza. "Baba, gari ni zima."

Mzee aliitikia kwa kichwa, mara moja, mara mbili. Akavua kofia, akaitazama ndani kama vile kuna kitu amekiacha humo, akaivaa tena. "Basi," alisema. "Basi ni mimi. Ingawa ule mshale nao... Aa, tuyaache."

"Mshale gani?"

"Tuyaache, nimekwambia. Nilimweleza kaka yako, akanitazama kwa huruma. Akasema nimeanza kuchanganya mambo."

"Nieleze na mimi, baba."

Mzee alisitasita. Ilionekana wazi kwamba alikuwa akipima kama aibu moja zaidi itamzidishia hasara. "Ule mshale wa joto la injini," alisema mwishowe. "Nikiwasha indiketa, unacheza nayo. Indiketa ikiwaka, unaruka juu. Ikizimika, unashuka. Juu, chini, juu, chini, hadi nikate kona. Nikajisemea, injini inapataje joto na kupoa mara kumi kabla sijafika kwenye kona? Nikaona hapana, ni macho."

Tambara lilimdondoka Cheche. Kwa asiye fundi, yale yalikuwa maneno ya mzee anayeanza kupotelewa na akili, maana indiketa na joto la injini wapi na wapi. Lakini kwa fundi umeme, mtu hahitaji kuambiwa zaidi ya hapo. Umeme hutoka kwenye betri kwa nyaya, na baada ya kuwasha taa au kuzungusha waipa hurudi nyumbani kupitia chuma chenyewe cha gari. Njia hiyo ya kurudia ikiziba, vyote huanza kusukumana kwenye upenyo mmoja: indiketa ikipita, mshale wa geji unayumba, waipa zikipita, taa zinakufa. Mzee alikuwa amemweleza ugonjwa neno kwa neno, ila daktari alikuwa hajauliza.

Hilo ndilo lililomchoma. Mteja yeyote aliyeingia pale, hata yule wa kuudhi, Cheche humkalisha nusu saa nzima na maswali: lilianza lini, kukiwa na mvua au jua, ulikuwa umekanyaga nini, ulisikia harufu gani. Hagusi boneti kabla ya hapo. Baba yake mzazi hakumuuliza swali hata moja. Kwa nini amuulize, wakati kaka alishaeleza kila kitu? Akaja akapima gari lililosimama, mvua hakuna, waipa zimelala, breki haijakanyagwa, akatoa hukumu.

"Baba, siku ile ulikuwa umewasha nini na nini?"

"Vyote. Si mvua? Taa, waipa, feni ya kuondoa ukungu kwenye kioo. Nikawasha indiketa ya kukata kona, nikakanyaga breki. Hapo ndipo kiza kilipoingia."

"Ingia ndani ya gari."

"Kaka yako alisema nisikalie tena ule usukani."

"Hii gereji ni ya kaka?"

Mzee alimtazama, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile pembe ya mdomo wake ikacheza. Akainuka, akapanda garini.

Cheche aliteremsha mlango wa bati hadi nusu ili kupate giza kidogo, akaacha dirisha la nyuma wazi moshi utoke. Aliiweka ncha nyeusi ya mita kwenye hasi ya betri, na nyekundu akaikandamiza kwenye chuma cha bodi. Kati ya sehemu hizo mbili hapatakiwi kuwa na volti za kutajwa. Ni nyumba moja, vyumba viwili, na mlango kati yao huwa wazi. Injini ikiunguruma peke yake, mita ilionyesha sifuri na nukta ndogo tu za kawaida.

"Taa," alisema.

Nukta tisa.

"Waipa."

Moja nukta nane. Ukutani, mwanga wa taa ulianza kupauka.

"Feni. Haya, indiketa. Sasa kanyaga breki, baba, uishikilie hapohapo."

Taa zikanywea. Ule weupe wa mwanzo ukawa rangi ya chai iliyotiwa maji mara tatu, na waipa zikaanza kujikokota juu ya kioo kwa kujilazimisha. Mita ilisoma nne nukta moja. Cheche alipitisha mkono hadi kwenye kebo ya mafuta, ile inayotoka kwenye pedali kwenda kwenye injini, akaigusa kwa kidole. Ilikuwa na joto. Umeme ulikuwa umekosa njia hadi ukaamua kupitia huko.

"Unaona?" baba aliuliza kutoka ndani, kwa sauti nyembamba. "Au naona peke yangu?"

"Naona, baba," alisema Cheche. "Wallahi naona."

Aliegemea tairi ya mbele na kushusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu Jumatano. Macho ya baba yalikuwa yameona kitu kilichokuwepo. Akili ya baba ilikuwa timamu, timamu kuliko mita. Angeweza kuishia hapo na kumpigia kaka yake simu kwa mbwembwe, na pengine angefanya hivyo, kama asingekuwa anajua hasa waya wa kurudisha umeme wa pikapu ile umefungwa wapi. Alijua kwa sababu aliufunga yeye.

Miezi minane iliyopita, baba alipotimiza sabini, Cheche aliichukua pikapu kwa wiki mbili na kumpa zawadi. Kutu ikakatwa, mabati yakachomelewa, bodi nzima ikapakwa kijani kibichi cha majani ya mche mchanga. Mpakaji alipomaliza, Cheche alirudishia nyaya zote kwa mkono wake. Kwenye magari ya wateja, kabla ya kufunga waya ule hukwangua rangi kwa msasa hadi chuma kimetameta, kwa kuwa rangi haipitishi umeme. Hilo ndilo somo la kwanza analomfundisha yeyote anayejifunza kwake. Siku ile alishika msasa, akaisogelea ile rangi mpya, safi, ya baba, akaona uchungu kuichubua. Akasema nitakaza tu. Akakaza kwa nguvu zake zote, meno ya bolti yakauma chuma kiasi, gari likawaka, baba akafurahi hadi akakosa maneno. Halafu barabara mbovu zikatikisa, mvua zikaingia, na yale meno machache yakaota kutu.

Alizima injini, akaifungua bolti. Chini yake rangi ilikuwa palepale, nzuri, imezungukwa na duara la kutu ya kahawia. Cheche aliketi sakafuni akaanza kucheka, na kicheko hakikufika mbali kabla machozi hayajaingilia.

"Umekuta nini?" baba akauliza. "Nishuke?"

"Usishuke kwanza."

Alikwangua kwa msasa, kisha kwa brashi ya waya, bila huruma mara hii, akafunga, akapaka grisi juu. Akamwambia baba awashe kila kitu upya na akanyage breki. Mita ikasoma sifuri, nukta, na namba ndogo isiyofaa kusumbua mtu. Ukuta wa mbele uling'aa hadi misumari iliyotundikiwa mikanda ikatupa vivuli.

"Hizo sasa," alisema mzee, "ndizo taa zangu."

Alishuka, akazunguka mbele, akasimama kwenye mwanga na mikono nyuma, akiangalia kivuli chake ukutani. Cheche akamwambia yote, bila kujitetea: rangi, msasa, uchungu wa kuchubua, bolti. Akamwambia kwamba ukuta wa kinu ule aliugonga yeye, na nyuzi mbili kwenye mdomo wa mtoto ni za kwake.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. "Siku ya harusi yangu," alisema, "shangazi yako alinikaza tai hivyohivyo. Nilipendeza, watu wote walisema. Ila wali wa harusi yangu mwenyewe sikuweza kuumeza."

"Baba, sifanyi mzaha."

"Wala mimi. Umekosea, nimekusikia, utamwomba mtoto radhi. Lakini usinitake nikasirike leo. Leo siwezi, mwanangu. Siku tatu nimelala nikijua nimekwisha."

Cheche alimshika mkono, na grisi ikahamia kwenye mkono wa shati la kwendea mjini, na hakuna aliyejali.

Alimpigia kaka yake papo hapo, baba akiwa kando, kwa sababu alijua akingoja ataanza kutafuta maneno ya kujipunguzia. "Kaka, nilikosea," alisema. "Nimepima upya, baba akiwa kwenye usukani. Taa zilikufa kweli. Hata mshale ule ni kweli. Waya niliufunga vibaya mimi, wakati ule wa rangi. Mdomo wa mwanao ni kosa langu, si la baba."

Upande wa pili ikasikika pumzi ndefu, ikitetemeka mwishoni, ya mtu aliyetuliwa gunia begani. "Nimeandika maneno ya kumwambia baba," kaka alisema. "Karatasi mbili. Nimeyafuta na kuyaandika tangu alfajiri. Sijui niyapeleke wapi sasa."

"Yachane."

"Nikija hapo nitakukaripia, jiandae."

"Njoo unikaripie."

"Nitamwomba baba radhi kwanza. Halafu wewe." Kisha akauliza, "Kwa hiyo macho yake hayana tatizo?"

Cheche alimtazama baba, naye baba, aliyekuwa amesikia kila neno, aliangalia pembeni. "Njoo tu," alisema Cheche, akakata simu.

Walikaa, mzee kwenye kreti lake, binti kwenye ngazi ya pikapu. Nje wachomeleaji walikuwa wakigongagonga mabati, na jua la saa sita lilikuwa limeingia chini ya mlango hadi karibu na miguu yao.

"Swali la kaka yako hujalijibu," alisema mzee.

"Si langu kulijibu."

Mzee akakuna kidevu. Cheche hakumharakisha. Leo angeweza kumsubiri hadi magharibi.

"Jicho la kulia ni zima," alisema baba mwishowe. "La kushoto lina ukungu. Nikifumba la kulia, dunia yote naichungulia kupitia chandarua. Tangu kabla ya mvua."

"Na hukusema."

"Niwaambie nani? Mlikuwa mnatafuta sababu, nijitie kitanzi mwenyewe?"

"Na sasa?"

"Sasa hakuna anayetafuta," alisema mzee, na akashangaa kidogo kwa jinsi maneno yalivyotoka bila kukwama. "Gizani siendeshi hadi daktari anitazame. Hilo nalisema mwenyewe, kaka yako akija usimwachie alitangaze kama amri yake."

"Kliniki ya macho inafunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi."

"Utanipeleka?"

"Utaendesha wewe, mchana kweupe," alisema Cheche. "Mimi nitakaa pembeni."

"Pembeni ni kushoto."

"Ndiyo, baba."

Mzee alilifikiria hilo kwa muda, akilipima polepole. Kisha akasogeza miguu ili jua limfikie vizuri. "Basi huko kushoto," alisema, "utaniangalizia wewe."